Zahanati ya peni moja: kisa cha daktari aliyefungua kliniki kwa kukosa ajira

Mwishoni mwa mwaka 1865, katika nyumba namba 20 ya Upper Berkeley Street, London, daktari wa miaka 29 alikuwa amekaa akisubiri wagonjwa. Leseni anayo. Siku ya mtihani walikaa watu saba, wakafaulu watatu, na yeye ndiye aliyeongoza. Lakini hakukuwa na hospitali Uingereza nzima ambayo ingempokea kazini, hata kwa zamu ya usiku, kwa kuwa alikuwa mwanamke. Na wagonjwa nao walikuja mmojammoja, leo yupo, kesho hakuna.

Huyo ni Elizabeth Garrett. Wengi wanamjua kwa jina la baada ya ndoa, Elizabeth Garrett Anderson, na kwa sifa inayorudiwa kila Machi 8: mwanamke wa kwanza kupata leseni ya udaktari Uingereza bila kuficha kuwa ni mwanamke. (Alikuwapo James Barry, daktari wa jeshi, aliyefariki mwaka huohuo wa 1865, na ni baada ya kifo chake ndipo habari zilipovuma kwamba alizaliwa mwanamke.) Sifa hiyo naiweka kando. Kinachonivuta mimi ni upande wa biashara yenyewe: alianzaje, hela ilitoka wapi, nani alikuja, kwa nini alirudi mara ya pili na ya tatu, na ilikuwaje chumba cha daktari mmoja kikaishia kuwa hospitali ya vitanda 42.

Madaktari wa magonjwa ya wanawake wanaofikiria kuacha ajira na kusimama wenyewe huuliza habari za pango, mashine ya ultrasaundi, bima na vibali. Ni maswali ya haki, na majibu yake hubadilika kila kanuni zinapobadilika. Sisi Tanzania tunalijua hilo vizuri: sheria ya mwaka 1977 ilizipiga marufuku huduma za afya za kibiashara, na mlango haukufunguliwa tena mpaka 1991. Swali ambalo silisikii sana ni hili: huyo mgonjwa unayemtarajia, kule anakotibiwa sasa hivi anakosa nini? Garrett alikuwa na jibu hata kabla ya kuwa na leseni, na ndiyo maana kisa chake bado kinasomeka.

Elfu moja au ishirini

Baba yake, Newson Garrett, alikuwa mfanyabiashara wa shayiri na makaa ya mawe huko Aldeburgh, mji mdogo wa pwani mashariki mwa Uingereza. Ni yeye aliyejenga maghala makubwa ya kimea ya Snape, yaliyo karibu na hapo. Hela ilikuwapo, na watoto walikuwa wengi. Mabinti walipelekwa shule ya bweni, wakarudi nyumbani, na mpango wa mji ulikuwa uleule wa miji mingine: subiri posa.

Mwaka 1859 Garrett alikwenda London kumsikiliza Elizabeth Blackwell, mwanamke wa kwanza kupata digrii ya udaktari Marekani, mwaka 1849. Kinachosahaulika kuhusu Blackwell ni kwamba naye alikuwa amepitia njia hii. Aliporudi New York mwaka 1851 alipata shida hata ya kupangishiwa vyumba vya kutibia, wagonjwa hawakuja, na mwaka 1853 akafungua zahanati ya chumba kimoja katika mtaa wa maskini karibu na Tompkins Square. Zahanati hiyo ndiyo iliyozaa hospitali ya wanawake na watoto ya mwaka 1857. Kwa hiyo yule binti wa Aldeburgh aliyekaa kusikiliza hakusikia hotuba ya kutia moyo tu. Mbele yake alisimama mtu ambaye ameshakosa wagonjwa, ameshabadilisha mbinu, na mbinu imefanya kazi.

Baba alipoambiwa, alisema wazo lenyewe linamtia kinyaa. Mama alijifungia chumbani akilia kwamba aibu hii itamuua. Baadaye baba alibadilika, na alipobadilika alibadilika kabisa. Alimchukua binti yake wakazunguka Harley Street, mtaa wa madaktari wakubwa wa London, wakibisha hodi mlango kwa mlango kuomba ushauri. Daktari mmoja akamuuliza kwa nini asiwe muuguzi tu. Akajibu kwamba anapendelea kupata paundi elfu moja kwa mwaka kuliko ishirini.

Hilo jibu nalipenda, na nadhani ndilo linaloachwa zaidi na wanaomsimulia kama mtakatifu. Hakuona haya kutaja hela. Kwetu daktari wa kike akisema anataka kipato kizuri huonekana hana wito. Wa kiume akisema hivyohivyo, watu wanasema ana malengo.

Leseni iliyopatikana kwenye upenyo

Mwaka 1860 aliingia hospitali ya Middlesex kama muuguzi, kwa miezi sita, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kuingilia. Akiwa ndani alianza kujipenyeza: wodini nyuma ya madaktari, kisha masomo ya kemia, kisha chumba cha kupasulia maiti. Wanafunzi wa kiume walimvumilia mpaka siku daktari mmoja kwenye raundi alipouliza swali, kukawa kimya, na aliyejibu akawa yeye. Mwaka 1861 wakapeleka waraka kwa uongozi wakitaka aondolewe, akaondolewa. Alitoka na vyeti vya sifa vya kemia na elimu ya dawa.

Oxford walikataa. Cambridge walikataa, Glasgow na Edinburgh pia. St Andrews walimwandikisha kwanza, kisha baraza la chuo likamfutia. Kilichobaki ni Society of Apothecaries, chama cha kale cha waandaaji wa dawa wa London, ambacho nacho kilikuwa na mamlaka ya kutoa leseni ya kutibu. Kanuni zao zilisema leseni ni ya "watu" waliotimiza masharti. Hazikusema wanaume. Masharti yalikuwa kufanya uanagenzi kwa mwenye leseni, kuhudhuria masomo kwa walimu wanaotambulika, na kufanya mtihani. Garrett alisoma kila somo kivyake, kwa walimu waliokubali kumfundisha peke yake kwa malipo. Mtu anayejua gharama ya tuisheni ya mwanafunzi mmoja ataelewa kwamba hapo mfuko wa Newson Garrett ulikuwa ukifanya kazi usiku na mchana. Chama kilipoanza kusitasita mwishoni, mzee alitishia kukifikisha mahakamani.

Septemba 28, 1865 akapata leseni. Mara chama kikabadili kanuni: kuanzia sasa, aliyesoma kwa walimu wa binafsi hatafanya mtihani. Na shule zote za udaktari zilikuwa za wanaume. Upenyo ukazibwa nyuma ya mgongo wake.

Nalitaja hili kwa sababu ya matokeo yake kibiashara, ambayo waandishi wengi huyapita mbio. Mwaka uliofuata jina lake liliingia kwenye daftari la madaktari la Uingereza, mwanamke wa pili baada ya Blackwell. Wa tatu asingepatikana. Hii maana yake ni kwamba daktari huyu anafungua kliniki ambayo uti wake wa mgongo ni "mwanamke atatibiwa na mwanamke", na nchi nzima hakuna mwenzake wa kumwajiri. Akiugua, kliniki imefungwa. Akisafiri, imefungwa. Likizo ya uzazi hata tusiizungumze. Weka alama hapo, maana hilo ndilo donda lililomsumbua miaka kumi na zaidi.

Chumba cha Upper Berkeley Street

Nyumba ilikuwa makazi yake na kliniki yake kwa pamoja, kwa msaada wa baba. Wagonjwa wa mwanzo walikuwa wachache, na idadi ikapanda taratibu. Mmoja wao alikuwa Josephine Butler, mwanaharakati mashuhuri wa haki za wanawake, na barua yake ndiyo ushahidi bora kuliko wote tulionao wa kile kilichokuwa kikiuzwa pale. Butler alikuwa ameshapita kwa madaktari wengi. Aliandika kwamba kwa Bi Garrett alifaidika kuliko kwa daktari mwingine yeyote, kwa sababu aliingia katika hali ya moyo wake na maisha yake ya kila siku, na kwa sababu aliweza kumwambia mengi ambayo kwa mwanamume yeyote asingeweza, wala asingetaka, kuyasema.

Isome tena hiyo sababu ya mwisho. Butler hasemi dawa zilikuwa tofauti. Dawa za wakati ule hazikuwa na tofauti kubwa kati ya daktari na daktari. Kilichokuwa tofauti ni historia ya mgonjwa, ile ambayo sisi tuliosomea kazi hii tunafundishwa kuichukua mwaka wa tatu na kuisahau foleni ikiwa ndefu. Mwanamke anayetokwa uchafu wenye harufu atasema tumbo linauma. Anayeumia wakati wa tendo la ndoa atasema kiuno. Hapo daktari atatibu tumbo na kiuno, atapokea ada, na mgonjwa atarudi mwezi ujao na malalamiko yaleyale. Anayepata maelezo kamili anatibu ugonjwa. Garrett hakuwa na kipimo cha ziada. Alikuwa na maelezo ya ziada, na hiyo tofauti ilitosha kumfanya mgonjwa asafiri mjini kumfuata.

Lakini chumba hiki peke yake kisingemjenga, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaokiona kisa chake kama ushindi wa kliniki ya kulipia. Wanawake wenye uwezo wa kulipa ada ya daktari wa London, ambao pia hawaogopi kuonekana wakitibiwa na mwanamke, walikuwa kikundi kidogo. Ni duara la marafiki, na marafiki wa marafiki. Daktari anayewaona wagonjwa wawili watatu kwa siku hakomai mikono. Na hospitali, mahali ambapo daktari kijana hukomaa, zilikuwa zimemfungia. Angebaki hapo angekuwa daktari wa heshima wa mtaani, na habari ingeishia hapo.

Seymour Place

Mwaka 1866, miezi michache tu tangu aanze, alifungua zahanati namba 69 Seymour Place, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwake. Aliiita St Mary's Dispensary, ya wanawake na watoto. Ada ilikuwa peni moja.

Kipindupindu kilimsaidia, ukiweza kusema hivyo bila aibu. Ugonjwa ulishatia hofu tangu mwaka uliotangulia, na kiangazi cha 1866 uliua watu zaidi ya 5,000 London, hasa upande wa mashariki. Katika hofu ile, watu waliokuwa na maneno mengi kuhusu daktari wa kike wakayasahau kwa muda. Mwenye mtoto anayeharisha hamuulizi daktari jinsia yake. Ila kipindupindu kilipita, na wagonjwa hawakupungua. Mwaka wa kwanza zahanati ilipokea wagonjwa wapya 3,000, na mahudhurio yote yakawa 9,300.

Tuzikalie hizi namba kidogo. Mahudhurio 9,300 kwa mwaka ni kama 180 kila wiki. Ukigawa kwa wagonjwa 3,000, kila mmoja alikuja wastani wa mara tatu. Kwa wakati ule, ambapo mwanamke maskini aliacha kazi ya kufua au kushona ili aje kukaa kwenye benchi, kurudi mara ya pili na ya tatu ni kura ya imani. Mgonjwa wa kwanza anakuja kwa kusikia. Wa tatu anakuja kwa sababu wa pili alipona, au angalau alisikilizwa.

Sasa upande wa hela. Paundi moja ya wakati huo ilikuwa na peni 240. Tuseme kila aliyehudhuria alilipa peni yake kila mara bila kukosa: peni 9,300 ni paundi 38 na robo tatu. Kwa mwaka mzima! Kumbuka yule aliyesema anataka elfu moja kuliko ishirini. Zahanati yake iliyojaa mpaka mlangoni, ikikusanya kila senti, isingefikisha mishahara ya wauguzi wawili. Pango, dawa, chupa, mkaa wa kupashia chumba moto, vyote vilitoka kwingine: kwa wachangiaji walioandikishwa na kamati, na kwa kazi yake ya Upper Berkeley Street.

Basi kwa nini peni? Kwa nini isiwe bure kabisa, kama ni msaada? Jibu langu, na hili ni langu si lake, ni kwamba peni moja hubadilisha uhusiano. Aliyelipa hata kidogo haombi; amekuja kwenye huduma yake, ana haki ya kuuliza, na ana haki ya kukasirika akicheleweshwa. Kliniki nyingi za hisani nilizoziona hujaa siku ya kwanza na kubaki na viti vitupu mwezi wa tatu.

Kwa Garrett, zahanati ilimlipa kwa njia tatu ambazo hazimo kwenye daftari la mapato. Ilimpa mikono: ndani ya mwaka mmoja aliona magonjwa ya kizazi mengi kuliko ambayo kliniki yake ya kulipia ingemletea kwa miaka. Ilimpa jina nje ya duara la marafiki. Na ilimpa kamati, yaani watu wenye vyeo na fedha ambao sasa walikuwa na jambo la kulitetea hadharani, wakiwemo madaktari wa kiume. Kliniki ya kulipia ni ya mtu mmoja na ikianguka ni aibu yake. Zahanati ilikuwa ya watu wengi tangu siku ya kwanza.

Mwaka 1870

Mwaka huu aliujaza kupita kiasi. Aliteuliwa daktari katika hospitali ya watoto mashariki mwa London, mwanamke wa kwanza Uingereza kupewa nafasi kama hiyo. Aligombea bodi ya kwanza ya shule za London na akashinda katika eneo la Marylebone kwa kura zaidi ya 47,000, nyingi kuliko za mgombea mwingine yeyote. Na Juni 15, baada ya kujifundisha Kifaransa kwa ajili hiyo, alipata digrii ya udaktari Paris kwa tasnifu kuhusu kipanda uso.

Kwa nini daktari mwenye wagonjwa wa kutosha avuke bahari kufanya mitihani upya kwa lugha ya kigeni? Kwa sababu leseni ya Society of Apothecaries ilimruhusu kutibu lakini haikuwa digrii ya udaktari, na wenzake hawakuchoka kumkumbusha. Daftari la Uingereza lilikataa kuiandika digrii ya Paris. Haikumsumbua sana, nadhani. Mgonjwa hasomi daftari.

Nafasi ya hospitali ya watoto na ile ya bodi ya shule aliziacha baadaye, kwa kuwa zilikuwa zikila muda wa kliniki na zahanati. Hatua ndogo hiyo, lakini ukiangalia kwa macho ya mwenye kliniki ni kubwa. Cheo alichokitafuta miaka mitano, cha kuajiriwa na hospitali, kilipokuja akakiona hakimfai tena.

Mwaka 1871 aliolewa na James Skelton Anderson, mfanyabiashara wa meli. Watu walitabiri kwamba sasa ataacha kazi. Hakuacha. Kuna jambo la sheria hapa ambalo wachambuzi hawalitaji mara nyingi: mpaka mwaka mmoja nyuma, kipato cha mwanamke aliyeolewa Uingereza kilikuwa mali ya mumewe. Sheria ya mwaka 1870 ndiyo iliyomruhusu mke kumiliki alichokichuma kwa kazi yake. Angeolewa kabla ya sheria hiyo, ada za Upper Berkeley Street alizochuma kabla haijapitishwa zingekuwa, kisheria, za bwana Anderson. Aliyapata maisha yake kwa tundu la sindano mara mbili, kwenye leseni na kwenye ndoa.

Vitanda, na ugomvi uliokuja navyo

Mwaka 1872 zahanati ikawa hospitali, New Hospital for Women, ikianza na vitanda kumi juu ya vyumba vilevile vya Seymour Place. Mwaka 1874 ikahamia Marylebone Road, vitanda 26. Mwaka 1890 ikapata jengo lake Euston Road, vitanda 42. Madaktari wote walikuwa wanawake.

Anayelaza wagonjwa hulala macho. Zahanati haiui mtu, hospitali inaweza. Garrett Anderson alipotaka kuanza kufanya upasuaji wa kuondoa uvimbe kwenye ovari, operesheni ambayo wakati ule ilikuwa ikiua wanawake wengi, kamati ya hospitali yake mwenyewe iligoma. Kifo kimoja mezani, walisema, na magazeti yatatuzika sote. Akakodi vyumba kwenye nyumba ya mtu, vikasuguliwa, vikapakwa rangi, akaweka wauguzi, akampasua mgonjwa humo. Mgonjwa akapona.

Ninapokisoma kisa hiki huwa nasita hapo. Kinasimuliwa kama ujasiri, na ujasiri upo. Lakini Frances Hoggan, mmoja wa madaktari wachache sana aliokuwa nao, alijiuzulu mwaka 1878 kwa kutoafiki upasuaji wa aina hiyo ufanywe pale. Hoggan hakuwa mwoga wala adui. Alikuwa na hoja ambayo kila mwenye kliniki anapaswa kuijibu kabla ya kununua meza ya upasuaji: ni nani aliyenihakikishia kwamba mikono yangu imetosha? Mwenye kliniki huru hana bosi wa kumwambia subiri. Kamati ilimwambia, akaizunguka. Mgonjwa angefariki katika vyumba vile vya kukodi, tungekuwa tunasoma kisa kingine.

Na tusimfanye malaika. Sheria za magonjwa ya zinaa za miaka ya 1860 ziliwapa polisi wa miji ya kambi na bandari nguvu ya kumlazimisha mwanamke anayeshukiwa kuwa kahaba apimwe. Garrett aliziunga mkono hadharani, akijenga hoja ya kitabibu kwamba wasio na hatia, wake na watoto, wanaambukizwa. Aliyeongoza mapambano ya kuzifuta alikuwa Josephine Butler, yuleyule mgonjwa aliyesema kwa daktari huyu aliweza kufungua moyo. Zilifutwa mwaka 1886. Sijui namna nyepesi ya kuunganisha hayo mawili: daktari aliyejenga jina kwa kumsikiliza mwanamke, akikubali mwanamke mwingine apimwe kwa nguvu.

Nani atakayebaki

Turudi kwenye lile donda. Wenzake wa mwanzo, Hoggan na Eliza Walker Dunbar, walikuwa na digrii za Zürich, Uswisi, ambazo hazikuwaingiza kwenye daftari la Uingereza mpaka chuo cha madaktari cha Dublin, Ireland, kilipoanza kuwapa wanawake leseni mwaka 1877. Kliniki ya namna hii haiwezi kutangaza nafasi ya kazi na kungoja barua. Inabidi izalishe watu wake.

Mwaka 1874 Sophia Jex-Blake, mwanamke mwenye hasira za haki na ulimi mkali, alianzisha shule ya udaktari ya wanawake London. Wawili hao hawakuiva chungu kimoja. Garrett Anderson aliona mapema mno, akaogopa kelele za Jex-Blake zitaharibu alichokijenga kimyakimya, lakini akaingia kwenye uongozi wa shule. Sheria ya 1876 ikaviruhusu vyombo vya leseni kuwapokea wanawake. Mwaka 1877 hospitali ya Royal Free ikawafungulia wodi wanafunzi wa kike. Yeye akawa mkuu wa shule kuanzia 1883 hadi 1902, na New Hospital ikawa mahali ambapo wahitimu walipata kazi ya kwanza, ileile ambayo yeye alinyimwa mwaka 1865.

Chama cha madaktari wa Uingereza kilimpokea mwaka 1873, kisha mwaka 1878 kikapiga kura kuzuia wanawake wengine. Alikaa humo peke yake miaka 19.

Miongoni mwa waliopita shule ile ni Mary Scharlieb. Alikuwa mke wa wakili Mwingereza huko Madras, India, ambako aliwaona wanawake wakifa kwa uzazi kwa kuwa hawakutaka kuguswa na daktari wa kiume. Alianza masomo hukohuko Madras, akaja London akiwa na watoto, akahitimu, akarudi India kufanya kazi, kisha akahamia London moja kwa moja. Kwenye meza ya upasuaji alikuwa bora kuliko mwalimu wake, na mwalimu alilijua hilo. Mwaka 1892 Garrett Anderson, akiwa na miaka 56, aliacha upasuaji New Hospital na Scharlieb akachukua nafasi ya daktari mkuu wa upasuaji. Hospitali haikufungwa hata siku moja.